Besi ya Ingiridi, Ngoma ya Mama Yako

Nyemo, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Umekwenda kwa mjomba wako kuaga, na najua hatakuachia mpaka ule kuku. Nami nimepata nafasi yangu. Nimemkalisha Mama Lameki hapa barazani na daftari la mwanawe, mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Alitaka kuanza na "natumaini barua hii itakukuta u mzima". Nimemwambia mtoto yuko hapo ng'ambo ya korongo anakula kuku, atakosaje kuwa mzima.

Habari za sweta, na pasi ya kusafiria uiweke wapi, na watu gani usiongee nao, mjomba wako atakwambia mpaka masikio yaume. Mimi baridi ya Norwei siijui. Nina jambo moja tu, na nimelikalia tangu wale watu watatu walipokuja hapa mwaka jana baada ya mavuno. Nilishtuka siku ile, na mpaka leo sijapoa. Wewe unadhani nilishtushwa na kelele. Kila mtu anadhani hivyo, mpaka bombani wananitania, nikifika na ndoo wanasema, "Zimeni jenereta, Mama Elina anakuja." Mimi nacheka nao. Siyo kelele, mwanangu.

Hebu turudi siku ile. Ulikuja ukaniambia, "Bibi, kuna wanamuziki watatu wa Norwei, mimi ndiye mkalimani wao. Wanataka kusikia ngoma za akina mama, halafu na wao watapiga. Wanapiga jazi." Basi mimi jazi naijua. Babu yako alikuwa akinipeleka mjini Dodoma kucheza jazi tulipokuwa vijana, magitaa yanajibizana, tarumbeta linalia, mtu unatoka jasho mpaka kwenye kisigino. Nikavaa vile viatu vya harusi ya mjomba wako vinavyonibana. Nikajua leo tunacheza.

Pikapu ikasimama pale shuleni, wakashuka. Wa kwanza yule mrefu wa gitaa, anayeinama kila mlango. Wa pili yule mzee wa ndevu nyeupe, na ngoma zake nyingi kama masufuria ya msiba. Wa tatu Ingiridi. Mimba hii hapa, miezi sita kama si saba, na juu ya mimba amening'iniza gitaa la besi zito kama mchi. Nikashika mdomo. Nikakwambia, "Muulize huyu mama, mume wake anajua kama mkewe anabeba mzigo namna hii?" Ukamuuliza. Akajibu, ukatafsiri, "Anasema mume yuko nyumbani, anapika." Kikundi chetu kizima cha ngoma kikacheka, na mimi nikacheka, lakini jicho langu likabaki kwenye lile tumbo. Nikasema mtoto huyu atazaliwa kiziwi.

Tukaanza sisi. Tukawapigia muheme wetu, ngoma katikati ya magoti, wanawake kumi na wanne, mikono yetu yote inashuka pamoja kama mtu mmoja. Hiyo ndiyo kazi yangu maisha yangu yote, kuhakikisha tunashuka kama mtu mmoja. Sikusoma, sikupata cheo kanisani, lakini mstari wa ngoma nilikuwa nauongoza, na mtu akikosea nasikia hata akiwa wa mwisho kabisa na mimi nina homa.

Wakaja wao. Yule mrefu akagusa uzi mmoja. Mmoja tu. Akausikiliza mpaka ukaisha, kama mtu aliyetupa jiwe kisimani anangoja lifike majini. Halafu akagusa mwingine. Mzee wa ndevu hakupiga kitu, alikuwa anasugua ngoma kwa kifagio, shwa, shwa, kama mtu anapepeta uwele. Tukakaa. Mzee Chilewa, aliyekaa kwenye kigoda kando yangu, akaniegemea akauliza, "Wameshaanza?" Nikamwambia, "Bado, wanatengeneza mitambo." Kumbe walikuwa wameanza kitambo. Nikavua viatu vyangu taratibu, nikavisukuma chini ya benchi.

Nilikuwa nimeanza kusinzia. Ndipo lile jambo likaja, bila hodi. Gitaa likapiga kelele kama bati linang'olewa na kimbunga, mzee wa watu akainuka na vifimbo akashambulia masufuria yake yote kwa pamoja, na chini kabisa ile besi ya Ingiridi ikaingia ndani ya mbavu zangu ikakaa. Mbuzi wa mwalimu mkuu wakavunja ua. Mzee Chilewa akaanguka na kigoda chake. Mimi sikufikiri. Nilikwenda pale kwenye jenereta nikashika waya nikauchomoa.

Gitaa likafa. Besi ikafa. Mzee wa ndevu yeye aliendelea, maana ngoma zake hazili umeme, akaenda, akaenda, mpaka akafumbua macho akajiona yuko peke yake. Yule mrefu akaniangalia nimeshika waya kama mtu aliyekamata nyoka. Akasema neno, nawe ukatafsiri kwa sauti ndogo, "Anasema, Bibi, hapo kweli palikuwa pa kunyamaza, ila umewahi kidogo." Watu walicheka mpaka vumbi likatimka.

Wewe hukucheka. Ulikuja ukauchukua ule waya mkononi mwangu, hukunitazama, ukaenda kuurudisha. Ule mgongo wako niliujua. Sikuwa nimeuona miaka mingi, lakini niliujua.

Sasa sikia nilichoshtukia.

Wakapiga tena, wimbo wa pili, si wa kunong'ona wala wa kuvunja nyua, wa katikati. Nikaanza kuhesabu kwa magoti, maana mimi muziki nausikia kwa magoti. Nikasema hapa patashuka. Nikangoja. Hapakushuka. Ingiridi aliinua vidole akaviacha hewani, gitaa limelala juu ya mimba yake, na pale mahali pakawa patupu. Halafu nyuma kidogo, mahali ambapo hakuna mtu anapangoja, dum. Nikasema amekosea. Akafanya tena. Na tena. Nikawatazama wale wawili niwaone wakimkasirikia. Wapi. Walikuwa wanatabasamu, wamekaa ndani ya ile nafasi aliyowaachia kama watu waliokaa kivulini. Yule mrefu alikuwa anapumzika humo, ndiyo maana akiingia na makelele yake yanasikika ni makelele, na akinong'ona unasikia ananong'ona. Bila yule mama kuacha, wale wanaume wangekuwa fujo tu.

Nikainuka bila viatu. Mama Lameki alinishika, akadhani ni jua. Ile sauti nilikuwa naijua, Nyemo. Nilikuwa nimeisikia hapa hapa, kwenye mstari wangu mwenyewe, kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe. Na niliinyamazisha mimi.

Mama yako Elina alipiga ngoma vile vile.

Mimi nilikwambia mama yako hakupenda ngoma. Nikakwambia ana hasira za kuzaliwa nazo, aliondoka kwa hasira akakuacha, hana haja na sisi. Umekua na maneno hayo. Sasa nakupa yaliyo sawa, na unisikilize mpaka mwisho ndipo uamue kunichukia.

Elina aliingia mstarini akiwa msichana. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, nilijua tangu mwanzo, sikusema. Lakini alikuwa na hilo jambo, sote tunashuka yeye anaacha, sote tumepita yeye ndiyo anapiga. Nikamkanya. Akaniambia, "Mama, nikiacha ndipo nawasikia ninyi." Nikamwambia kusikia si kazi yako, kazi yako kupiga.

Wewe unajua taratibu zetu. Ngoma ikilegea, mwenye ngoma anatoka mstarini, anakwenda kuipasha motoni mpaka ngozi ikaze, anarudi. Si aibu, ni kawaida. Lakini kumwambia mtu akapashe ngoma wakati ngozi yake imekaza na kila mtu anasikia imekaza, hilo ni tusi. Ni kumwambia mbele za watu kwamba kilicholegea ni yeye. Hakuna mwanamke wa hapa asiyejua maana yake.

Kulikuwa na ugeni, vikundi vimekuja mpaka kutoka Busi, uwanja umejaa. Tumeanza tu, Elina akaacha. Nikamwambia kwa sauti, "Elina, kapashe ngoma." Akanitazama. Ngoma yake ilikuwa inalia kama kengele. Akaenda motoni, akarudi. Tukapiga, akaacha tena, sidhani alikusudia, mkono wake ndivyo ulivyo. Nikamtuma tena. Watu wakaanza kuguna. Mara ya tatu mama mmoja jirani yangu akaninong'oneza, "Mwache mtoto," nami nikazidi kuwa jiwe kwa sababu nimeambiwa. "Elina, kapashe ngoma."

Akaenda. Sisi tukaendelea kupiga bila yeye, nikiona fahari jinsi tunavyoshuka. Yeye akainama pale motoni, akaishikilia ile ngoma juu ya moto, hakuigeuza, hakuiondoa. Aliishikilia tu, ananitazama. Niliona. Ningeweza kunyanyua mkono kusimamisha ngoma nikamfuata. Sikunyanyua. Ngozi ikapasuka, mlio wake ukasikika uwanja mzima, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mama yako kutoa sauti kwenye ngoma yangu.

Nikamwambia mbele za watu wote, "Nenda, na usirudi mpaka upate masikio."

Baba yako alikuwa ameshafariki. Wewe hujatimiza miaka miwili. Jioni ile mama yako alikuja kukuchukua na kifurushi chake kichwani, nami nilikuwa nimekufunga mgongoni. Nikamwambia atakwenda yeye, mtoto hawezi kulelewa na mtu anayechoma ngoma ya ukoo. Akasimama pale karibu na kinu. Alinigeuzia mgongo, na mgongo ule ndio niliouona siku uliponinyang'anya waya.

Mama Lameki ameacha kuandika, analia. Nimemwambia alie huku anaandika, mjomba hana kuku wengi.

Mama yako alirudi, Nyemo. Hili ndilo nililolificha kuliko yote. Alirudi ukiwa darasa la pili, asubuhi, uko shuleni. Alikuja na viatu vya shule. Aliomba akae mpaka utoke. Nilisimama mlangoni hapa, nikamwambia, "Mtoto ameshazoea kukukosa, usije kumchanganya." Akaweka viatu chini akaenda. Uliporudi nikakwambia nimekununulia mimi. Ulirukaruka, ukanikumbatia miguu. Nilikubali kukumbatiwa.

Wanawake wote wa zamani wa kikundi wanajua ya ngoma. Hakuna aliyekwambia kwa sababu niliwakataza, na wananiogopa. Usiwalaumu. Mimi ningekuwa wao ningejiogopa pia.

Kuna jambo jingine dogo, au si dogo. Ulipoanza kupiga besi kwenye kwaya, mwalimu wa kwaya alikuja kunishtaki, akasema, "Bibi, mjukuu wako anaacha mapengo, waimbaji wanapotea." Nilishtuka nikadhani damu imerudi kunidai. Nikakuita nikakwambia piga kama wenzako. Ukanitii, mwanangu, ukawa unapiga kama wenzako, dum dum dum, Jumapili hadi Jumapili, na uso wako umelala. Nilikuwa nimekutuma motoni na wewe, nawe hukujua.

Mpaka siku ile. Wale watatu walipomaliza kupiga, watu wanakula ubwabwa, Ingiridi akakuvisha besi yake shingoni. Nilikuwa naosha sahani, nikasikia. Ukaanza kama kwaya. Halafu mzee wa ndevu akachukua kile kifagio chake, akakusugulia taratibu, hakukusukuma. Na wewe ukaacha. Sahani ikanitoka mkononi. Ukaacha, ukapiga nyuma, ukamtazama Ingiridi kama mtu aliyeiba, naye akapiga makofi na tumbo lake likitikisika. Hukufundishwa na mtu. Uliletwa nalo.

Ndiyo maana ulipokuja na simu mwezi ule, ukanisomea ujumbe wa Ingiridi kwamba amejifungua, mtoto wa kike, anasikia vizuri kabisa, na kwamba atakaa nyumbani na mtoto mwaka mmoja na anakuomba wewe ushike nafasi yake kwenye kundi lao la watu watatu, ulidhani nimekasirika kwa sababu niliondoka nikaenda zizini. Nilikwenda kukaa na ndama. Nilikuwa nawaza, mwanamke mgeni, amekula ubwabwa wetu mara moja tu, anamwachia mwanangu mahali pake. Na mimi niliyemzaa Elina kwa uchungu wa siku mbili nilimnyang'anya pake mbele ya uwanja uliojaa.

Sina cha kukufundisha kuhusu gitaa. Ninachojua ni kidogo na nimekipata kwa gharama. Nilidhani kupiga pamoja ni kupiga sawasawa, nikawaongoza wanawake miaka yote hiyo, na ngoma yetu ni nzuri, sikatai, wageni wanatusifu. Lakini sikuwahi kumsikia hata mmoja wao peke yake. Sauti zao sizijui. Nilimjua mmoja tu, kwa sababu alikuwa anakosea. Huko uendako utakutana na vitu vitakavyokushtua, na wewe ni wangu, mkono wako utakimbilia kwenye waya. Mimi niliung'oa waya mara mbili maishani, na ule wa jenereta ndio ulioweza kurudishwa.

Sasa mama yako. Elina yuko hai. Yuko Kibaigwa. Anapika chakula kwenye kibanda karibu na soko la mahindi, wapakiaji na madereva wa malori wanakula kwake. Yule anayenipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, ninayetoka nje kuongea naye, ninayekwambia ni mwenzangu wa kikundi cha zamani, ni yeye. Alianza kunipigia uliposhinda kwenda sekondari, alisikia kwa mtu. Hatuongei mengi. Anauliza umekula nini, umekua kiasi gani, unaumwa? Namjibu. Hajawahi kunitaja ngoma, nami sijawahi kusema nisamehe. Nikifika hapo namuuliza bei ya mahindi. Huku kijiji kizima kinaniita Mama Elina na mimi naitika. Huko, nimekuja kujua juzi juzi, wapakiaji wanamwita Mama Nyemo. Miaka yote hiyo anaitika.

Jumapili iliyopita nilimwambia. Nilimweleza habari za wale watatu, kelele zao na kunong'ona kwao, jinsi mama mmoja mwenye mimba anavyokaa katikati na kuacha nafasi mpaka wale wanaume wanasikika kama watu. Nikamwambia, "Elina, ulikuwa na masikio. Mimi ndiye sikuwa nayo." Nikamwambia Nyemo anakwenda kushika nafasi ile, na anapiga kama wewe.

Akanyamaza. Zamani ningesema haloo, haloo, simu imekatika. Safari hii nami nilinyamaza. Nilikaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba nikamwacha anyamaze mpaka atosheke. Nilisikia malori yanapita huko kwake, nikasikia mtu anaomba maharage. Ndipo akauliza, "Mama, basi lake litapita saa ngapi?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Atakaa upande gani?"

Hakuuliza kama utashuka. Aliuliza upande.

Ulinilalamikia kwa nini nimekazania basi wakati kuna treni ya haraka na wenzako wote wanapanda hiyo. Ukasema Bibi na mambo yako ya kizamani. Treni haipiti Kibaigwa, mwanangu, ndiyo sababu. Basi ni la kesho, ndege yako ni ya keshokutwa usiku, nafasi ya kushuka unayo, nimemuuliza mjomba wako mara mbili bila kumwambia kwa nini.

Sijamwahidi kwamba utashuka. Nimeshakuamulia vya kutosha. Pengine utasoma hapa utataka kunirushia sufuria, nirushie, nipo, nitakuwa kibarazani ukitoka kwa mjomba wako, barua hii nitakupa mkononi na sitaondoka wakati unasoma. Pengine utaona ni mengi kwa siku moja, mama mpya na nchi mpya. Ukishindwa kushuka, sitakuuliza, na yeye hatauliza.

Ila ukishindwa, omba ubadilishiwe kiti, ukae dirishani, upande wa soko. Atakuwa amesimama pale tangu asubuhi. Fungua kioo, akuone.

Ni mimi bibi yako, niliyekulea na kukuficha.